Mama hana dalili hata moja, kapewa sipro (antibiotiki) kwa sababu ya karatasi ya maabara!

Mbukwenyi wana Dodoma. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mama yangu ana miaka 72, anaishi Bahi, ana kisukari na anameza glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari. Nilimleta mjini apimwe presha, basi. Kwenye zahanati moja (jina silitaji) wakataka na mkojo. Majibu yakaja: bakteria, kujumlisha mbili. "Mama una UTI kali." Hakuna aliyemuuliza kama anaungua akikojoa, kama ana homa, kama chini ya kitovu panauma. Ati mkojo ni wa njano sana. Kwa jua hili la Bahi, wa nani si wa njano? Akapewa sipro ya siku saba.

Usiku wa pili, saa tisa, nasikia ananiita kwa jina la marehemu shangazi. Kanga imelowa jasho, mikono inatetemeka. Kipimo cha sukari kikasoma 2.3, imeshuka mno. Nikakoroga sukari kwenye kikombe, nikamnywesha kijiko kwa kijiko huku nalia.

Daktari wa hospitali tuliyokimbilia ndiye aliyenifungua macho: sipro ikikutana na glibenklamaidi inaweza kuporomosha sukari. Na bakteria kwenye mkojo wa mama mtu mzima, tena mwenye kisukari, ni jambo la kawaida. Kama hana dalili, dawa haimsaidii kitu. Bakteria hurudi, na safari hiyo huenda wakawa sugu. Mwongozo wa Marekani wa 2019 umesema wazi kwamba mtu kama yeye hata kumpima mkojo kutafuta bakteria hakuna haja.

Wa kutibiwa bila dalili ni mjamzito, na anayekwenda kufanyiwa upasuaji unaochubua njia ya mkojo, kama ule wa tezi dume. Kwa mjamzito wale bakteria wanaweza kupanda hadi kwenye figo, na mtoto akaja kabla ya wakati. WHO tangu 2016 wanasema atibiwe siku saba.

Sasa sikieni kinachoniuma zaidi. Mdogo wangu ana mimba ya miezi mitano, kahudhuria kliniki mara tatu. Mkojo wake umechovywa kijiti cha protini na sukari, akaambiwa nenda. Kuotesha mkojo maabara ili kuona kama una bakteria, hakuna aliyekutaja!

Yaani asiyehitaji dawa kanusurika kufa nazo, anayepaswa kupimwa hapimwi. Mlioko maabara hapa mjini, niambieni: ni wapi wanaotesha mkojo kweli, na ni shilingi ngapi? Nataka kumpeleka wiki hii.