Naombeni ushauri: Nimemfundisha farasi kwa ratiba ya wakimbiaji wa Iten, pumzi imekubali ila muda umegoma

mbio_na_kwato (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za asubuhi. Naomba mnisaidie kwa hili maana usingizi umenipaa.

Niko Nairobi, nafanya kazi kwenye mabanda ya farasi wa mbio upande wa Ngong. Kazi yangu ni kuwapanda alfajiri kwenye mazoezi. Kabla ya hapo nilikuwa mkimbiaji wa mita 1500 na nimekaa kambini Iten, kwa hiyo mambo ya kupandisha na kushusha mazoezi nayajua. Kuna mtamba mmoja, thorobredi (ile mbegu ya farasi wa mbio), yuko mikononi mwangu. Ana akili na anapenda kukimbia. Nikaona nimpe ile ratiba tunayoijua: Jumanne intavali (vipande vya kasi na mapumziko katikati), Alhamisi mbio za kubadili kasi, Jumamosi masafa marefu, siku zilizobaki polepole. Naongozwa na mapigo ya moyo tu. Anapiga shoti mita 600, namrudisha kwa hatua mpaka mapigo yashuke hadi 120, tunaondoka tena. Ndiyo kanuni ya Gerschler, kocha wa Kijerumani aliyemfundisha Harbig, yule aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.6 mwaka 1939. Kama imemfaa binadamu, sioni kwa nini isimfae farasi.

Moyo umekubali kabisa. Zamani mapigo yalichelewa kushuka, siku hizi hata sijageuka vizuri ameshatulia. Ila muda wake wa mita 1000 haushuki, na wiki hii umepanda. Swali langu: niongeze marudio au nifupishe mapumziko? Mbio zake za kwanza zimekaribia.

Mla Mihogo
Mkuu, sisi wa Mbagala farasi tunamjua kwa picha. Nimekaa siti ya mbele, endeleeni.

Baba Chebet
Kijana, hiyo ratiba naifahamu, nimeila vumbi lake miaka mingi. Nikupe kisa changu. Mwaka niliokuwa fiti kuliko yote, mlima nilikuwa naupanda huku napiga stori. Kocha akafurahi, nami nikafurahi, tukaongeza kilomita. Goko la kulia likaanza kuuma asubuhi, nikitembea kidogo linaacha, nikasema ni baridi. Siku moja kwenye kona ya uwanja mguu ukakataa. Hospitali Eldoret wakaniambia mfupa una ufa mwembamba kama unywele. Msimu mzima nilikaa nyumbani nakamua ng'ombe. Kijana akija kambini, pumzi ndiyo inafika kwanza. Miguu inakuja kwa wakati wake, na haiombi ruhusa. Huyo farasi wako ana umri gani?

Mama Riziki
Mwanangu, wewe kambini ulikuwa unaweza kumwambia kocha leo mguu umekataa. Huyo mnyama atamwambia nani? Ukipewa kiumbe kisichosema, wewe ndiye kinywa chake. Mungu atakuuliza.

Bint Seif
Assalaam alaykum. Niko Barka, Oman, babu zetu walitoka Unguja. Kaka zangu wanapanda mbio za masafa jangwani. Huku farasi akimaliza mzunguko, watu wanamkimbilia na madumu ya maji, wanammwagia shingo na mapaja, kisha anapelekwa kwa daktari. Mapigo lazima yawe yameshuka hadi 64 ndani ya dakika zilizowekwa, la sivyo ametoka. Akipita hapo, anakimbizwa matiti, yaani ule mwendo ulio kati ya hatua na shoti, kwenye ardhi ngumu, aende na kurudi, daktari anamtazama miguu. Sasa ndugu yangu nikwambie, wengi wanaotolewa hutolewa hapo kwenye matiti, kwa kuchechemea. Kaka yangu mkubwa aliwahi kufika na farasi ambaye moyo umetulia vizuri kabisa, sote tukapiga vigelegele. Alipokimbizwa, kichwa kikawa kinapanda na kushuka kila mguu wa mbele ukigusa chini. Tukarudi nyumbani hatusemeshani. Moyo wa farasi haukuambii habari za miguu yake.

Kabete Mwaka wa Mwisho
Nasomea udaktari wa mifugo. Mwanzisha uzi, namba za binadamu usimvalishe farasi. Akiwa amesimama ametulia ana mapigo 28 hadi 44 kwa dakika. Kwenye shoti ya nguvu anafika 220 hadi 240. Akienda matiti tu anaweza kuwa kwenye 120, kwa hiyo ukiondoka tena kwa 120 hujampumzisha.

La pili, farasi ana bandama kubwa linaloweka akiba ya chembe nyekundu za damu. Akianza kukimbia linajikamua, na sehemu ya chembe kwenye damu inapanda kutoka karibu asilimia 40 hadi 60 na ushee. Kwa hiyo usishangae pumzi kukubali mapema, huyu amezaliwa nayo.

La tatu ndilo linalogusa muda wako. Mkimbiaji akimaliza intavali, akala ugali wake vizuri, kesho yake akiba ya nguvu kwenye misuli imerudi. Farasi anahitaji saa 48 hadi 72. Wewe unamgonga Jumanne, unamgonga Alhamisi, unamgonga Jumamosi. Hajawahi kujaa tangu uanze. Ukiongeza marudio muda utazidi kupanda.

Sasa nijibu mawili: ana umri gani, na miguu ya mbele umeishika lini kwa mkono mtupu?

mbio_na_kwato
Asante daktari, la saa 48 hadi 72 sikulijua, nitaacha Alhamisi. Umri ni ule wa kawaida wa kuanza mbio. Miguu iko sawa, kila jioni namfunga bendeji mwenyewe. Basi kwenye intavali nisubiri mapigo yashuke hadi ngapi?

Kabete Mwaka wa Mwisho
Bendeji ya nini kama miguu iko sawa?

Mtoto wa Langoni
Kwetu Lamu siku za Maulidi punda hukimbizwa kandokando ya bahari, na kijana mwepesi ndiye anapanda. Mjomba wangu hajui bandama wala mapigo. Anachofanya ni kumpeleka punda mchangani alfajiri, na akishuka kabla ya kumpa maji anampapasa miguu yote minne, kuanzia goti hadi kwato, macho kafumba. Akikuta joto mahali, siku hiyo punda anakula tu. Wenzake wanamcheka. Hajali.

Baba Chebet
Kijana umeulizwa swali.

mbio_na_kwato
Sawa. Ana miaka miwili na miezi kidogo. Mbele ya goko, mguu wa kushoto, pana joto na kauvimbe kadogo, na ukibonyeza kwa kidole gumba anavuta mguu. Wa kulia joto ni dogo zaidi. Akipata moto wa mazoezi anakimbia vizuri, hachechemei.

Lakini wakuu nielewesheni kabla ya kunihukumu. Wakimbiaji wote tumepita kwenye maumivu ya goko. Mwenye farasi ameshaambiwa mtamba wake anaingia uwanjani, ameshaalika na jamaa zake. Nimeshanunua dawa ya kutuliza maumivu agroveti. Nilipanga nimpe siku chache, apoe, akimbie, halafu apumzike vizuri. Yuko fiti kuliko farasi wote wa hapa bandani, mapigo yanaonyesha.

Mama Riziki
Nilijua tu. Mtu akianza na "wakuu nielewesheni", ujue moyo wake umeshamsuta.

Kabete Mwaka wa Mwisho
Ndugu, mfupa ukipewa kazi mpya, kwanza mwili unauchimba ule wa zamani, kisha ndipo unajaza mpya. Kuchimba ni suala la wiki, kujaza ni miezi. Katikati hapo mfupa ni dhaifu kuliko siku alipoanza mazoezi, na ndicho kipindi ambacho moyo na mapafu vimekuwa tayari na wewe unaona namba nzuri. Kwenye shoti mguu mmoja wa mbele unapokea karibu mara mbili na nusu ya uzito wake wote. Farasi wa kilo 450, piga hesabu. Na chini ya goti hana msuli, ni mfupa, kano na ngozi. Ulilolikuta kwa kidole gumba ni goko la farasi mchanga, ugonjwa unaojulikana sana kwenye mabanda ya mbio. Akilazimishwa unaweza kugeuka ufa.

David Nunamaker wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alilichunguza jambo hili miaka mingi. Alikuta kwamba wachanga waliozungushwa masafa marefu kwa mwendo wa wastani ndio walioumia goko, kwa sababu mfupa hujijenga kulingana na mwendo unaoupata, na mwendo ule haukandamizi mfupa namna shoti inavyoukandamiza. Waliopewa vipande vifupi vya kasi, urefu ukiongezwa kidogo kidogo, walijenga mfupa unaofaa mbio.

mbio_na_kwato
Basi si ndiyo ninachosema? Kasi inajenga mfupa, na mimi nampa kasi. Mkufunzi wa kizamani angemzungusha polepole mpaka mwisho.

Kabete Mwaka wa Mwisho
Vipande vya Nunamaker vinaanzia karibu mita 200, na haviongezwi urefu mpaka wiki kadhaa zipite. Wewe umempa mita 600 kwa marudio, umeongeza na masafa ya Jumamosi. Umechukua yote mawili. Na kasi inajenga mfupa usio na joto.

Shahidi Asiyelala
Samahani wakuu, mimi hapa nanusa chai, tena ya tangawizi. Moja, mpanda farasi wa mazoezi anajuaje kocha wa Ujerumani wa mwaka 1939? Mbili, mapigo ya farasi anayasomaje akiwa mgongoni kwenye shoti? Tatu, mtu huyu huyu mwaka jana alifungua uzi anatafuta kiwanja Kitengela, akasema ni fundi umeme. Nne, farasi wa mbio ana mkufunzi mwenye leseni. Huyo mkufunzi yuko wapi kwenye hadithi hii? Nyie mnatoa elimu kwa mtunzi.

Mla Mihogo
Kama ni chai nimeshamaliza kikombe. Kitafunwa kipo?

Bint Seif
Mimi naona kweli. Anayetunga angetaja joto la mguu ukurasa wa kwanza, watu wamwonee huruma. Huyu amelivuta mpaka akabanwa.

Shahidi Asiyelala
Dada, watunzi wa siku hizi wanajua hilo pia. Ajibu la nne.

mbio_na_kwato
Najibu yote. Uzi wa kiwanja ni wa kaka yangu, yeye ndiye fundi, akaunti tulikuwa tunatumia wote. Gerschler nilifundishwa na kocha wangu kambini, tulikuwa tunasoma jioni.

Mapigo nasoma kwenye saa. Kuna mkanda wenye vidaka viwili vya kunasa mapigo. Kimoja kinakaa chini ya tandiko nyuma ya bega la kushoto, kingine kinapita chini ya mkanda wa tumbo. Manyoya lazima uyalowanishe kwanza, kwa sifongo, la sivyo saa inaruka ruka na kukupa namba za ajabu. Huyu mtamba akiguswa na maji ya alfajiri ngozi yake yote inatetemeka mpaka kwenye paja, halafu anageuza kichwa kunitazama. Picha sitaweka, kazi nitaipoteza.

La nne. Mkufunzi amesafiri kwa matibabu. Aliacha karatasi ukutani: hatua, matiti, mwendo mwepesi, na vipande vifupi viwili kwa wiki. Ratiba ya Iten ni yangu. Hajui. Na la goko hajui.

Baba Chebet
Kijana, mpigie sasa hivi. Usimwandikie ujumbe. Mpigie asikie sauti.

Shahidi Asiyelala
Hapo kwenye karatasi ya ukutani nimerudi nyuma. Iwe kweli au chai, mpigie.

Kabete Mwaka wa Mwisho
Na hiyo dawa iweke. Italinyamazisha goko, naye atakimbia kama mzima juu ya mfupa ambao si mzima, na joki yuko juu yake. Ukiacha hilo, farasi wa mbio hupimwa dawa.

mbio_na_kwato
Nimempigia. Amenisema mpaka simu ikapata moto. Hajanifukuza. Amesema mbio hizo amezifuta, mwenye farasi atamweleza yeye mwenyewe, na daktari anakuja Jumatano na mashine ya picha. Nimeshika tena mguu wa kulia jioni hii, joto lake limepanda.

Daktari wangu wa Kabete, hadi Jumatano nimwache asimame au nimtembeze? Akikaa bandani muda mrefu anaanza kuupiga mlango mateke, naogopa atajiumiza zaidi.

Kabete Mwaka wa Mwisho
Mtembeze kwa mkono, wewe chini, asubuhi na jioni, ardhi laini, muda mfupi. Usimpande. Ukimrudisha mpigishe maji baridi ya bomba kwenye magoko yote mawili kwa dakika 20, kisha ukaushe. Nafaka punguza leo hii, maana kazi imesimama na chakula bado ni cha farasi wa mbio, hiyo ndiyo nusu ya mateke. Nyasi kavu mjazie, awe na cha kutafuna. Bendeji usimfunge usiku wa kuamkia Jumatano, na dawa ya agroveti usimpe kabisa, daktari lazima ayakute maumivu yalivyo. Hiyo saa yako yenye rekodi za mapigo mwonyeshe, itamsaidia kujua ni lini mlianza kumwongezea.