Naomba ushauri kuhusu mpwa wangu

Assalamu alaikum ndugu zangu.

Niko Malindi, nikimlea mpwa wangu wa darasa la saba, ambaye tangu shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona hujifungia chumbani, halali usiku, na juzi alimwambia nyanyake kuwa afadhali asingezaliwa. Ustadhi wa madrasa amezungumza naye. Zahanati ilimpa dawa za malaria tu, ilhali hakuwa na homa. Nimesoma kwamba Marekani nako, Aprili hadi Oktoba 2020, kati ya vijana wa miaka 12 hadi 17 waliofikishwa chumba cha dharura, uwiano wa waliofika kwa matatizo ya akili ulipanda kwa asilimia 31 kuliko 2019, hivyo sidhani ni ukaidi.

Je, nikimuuliza waziwazi kama anafikiria kujidhuru, nitamsaidia au nitamtia wazo hilo? Na ni dalili zipi zinazonilazimu kumkimbiza hospitali usiku uleule?