Naomba kuelekezwa: mkutano wa walioacha pombe Mtwara au Lindi, kabla msimu wa mabibo haujaanza

Mwana wa Mikindani
Salaam kwenu wakubwa, na wadogo nawasalimu. Nilipokuwa Dar es Salaam nilikuwa nikihudhuria kila juma mkutano wa watu walioamua kuacha pombe, lakini tangu nirudi nyumbani kumwuguza mama sijapata mkutano wa namna hiyo. Kwa sasa sinywi. Hofu yangu ni msimu unaokuja, kwa kuwa mabibo, matunda ya mkorosho, yakianza kudondoka uraka, yaani pombe ya mabibo, utakamuliwa karibu kila kitongoji, nipa, ile kali inayochemshwa, itafuata, na fedha za korosho zikishaingia kupitia vyama vya msingi vya ushirika watu watanunuliana hata bila kuombana. Rafiki zangu si watu wabaya. Mtu ananisogezea kikombe cha plastiki kwa upendo kabisa, na nikikataa anauliza kama nimeanza kumeza dawa au nimewaona wao si wenzangu tena. Je, kipo kikundi Mtwara mjini, Lindi au hata Masasi? Kama hakipo, mtu anaanzia wapi? Naongeza kwamba mimi ni Mwislamu, na mkutano wa Dar ulifanyika katika ukumbi wa kanisa, jambo ambalo mjomba wangu hatalipokea kwa urahisi.

Muuguzi wa Kusini
Kaka, hongera, na pole kwa kuuguza. Nianze na wanaosoma hapa huku bado wanakunywa kila siku: msikatishe ghafla mkiwa peke yenu nyumbani. Aliyekunywa sana kwa muda mrefu huanza kutetemeka na kutokwa jasho saa chache tu baada ya kuacha, anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na baadaye akaweweseka na kuona vitu ambavyo wengine hawavioni. Hali hiyo huua, nayo huku kwetu mara nyingi husemwa kuwa ni kurogwa, mgonjwa akazungushwa kwa waganga hadi muda wa kumwokoa ukapita. Mpelekeni hospitali ya Ligula mjini Mtwara, au Sokoine kwa walioko Lindi, au Ndanda kwa watu wa Masasi, apewe dawa ya kutuliza inayopunguzwa kidogo kidogo pamoja na vitamini B1.

Kuhusu swali lako, nenda ukaulize kwa wanaohudumia wagonjwa wa afya ya akili hospitalini, na kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Hawataweza kukutajia majina ya watu, lakini waachie namba yako na uwaombe wampe yeyote anayetafuta mwenzake.

Kijana wa Tandahimba
Ndugu, swala tano na kufunga vinatosha. Haya ya kukaa mduara na kusimuliana aibu si desturi yetu.

Mzee Mstaafu, Masasi
Mwanangu wa Tandahimba, anayeswali na bado anatetemeka asubuhi yupo, tena tunamfahamu sote. Sala yake haizuiwi na mkutano. Alcoholics Anonymous, yaani mikutano ya namna hiyo ya walioamua kuacha pombe, ilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, pale Bill Wilson, mfanyabiashara, alipokutana na daktari Bob Smith, wote wawili wakiwa wametaabishwa na pombe. Sharti la kuingia ni moja tu, nia ya kuacha kunywa. Hakuna ada, na Mungu hutajwa kama kila mmoja anavyomwelewa. Kwa hiyo, Mwana wa Mikindani, ukimpata mwenzako mmoja tayari mna mkutano.

Ombeni darasa la shule ya msingi kwa mwalimu mkuu, muda wa baada ya alasiri, na hapo mjomba wako hatakuwa na la kusema. Ofisi ya mtaa msiitumie, maana watu hushinda pale barazani wakisubiri barua. Usijisumbue kuficha kwamba ulikuwa mlevi, kwani Mikindani nzima inajua. Kinachofichwa ni yale yanayosemwa ndani ya chumba. Na siku ya kukutana isiwe Jumapili kwa mazoea tu. Kutaneni siku ambayo fedha za korosho zinaingia, jioni ile ile, hata kama ratiba yenu itaonekana ya ajabu.

Mama wa Nachingwea
Wanangu, mimi ni mke wa mnywaji. Shoga yangu amenipa vidonge nimtilie mume wangu kwenye chai bila yeye kujua, ili pombe imchukize. Nifanye?

Muuguzi wa Kusini
Hapana, mama, tafadhali usifanye hivyo. Dawa za aina hiyo, kama disulfiram, humfanya anayekunywa pombe juu yake atapike, moyo umwende mbio na shinikizo la damu lishuke, na zimewahi kuua. Hutolewa na daktari kwa mtu anayejua na aliyekubali. Wewe mwenyewe una haki ya kukutana na wake wenzako wenye shida hiyo. Hata Marekani familia zilianzisha mikutano yao, Al-Anon, mwaka 1951.

Mwana wa Mikindani
Nawashukuru nyote, na wewe wa Tandahimba pia. Jumatatu nitakwenda Ligula kuacha namba. Mzee wangu, kabla hajapatikana mwenzangu nihudhurie mikutano ya mtandaoni?

Mzee Mstaafu, Masasi
Hudhuria, ingawa mingi ni ya Kiingereza na itakula bando. Ila usiifanye sababu ya kuchelewa kuongea na mwalimu mkuu.