Naomba ushauri: Land Cruiser mkonga inatikisa usukani nikigonga shimo

Wakuu, habarini. Nina Land Cruiser HZJ79, difu nzima mbele (ekseli moja inayounganisha tairi zote mbili) na springi za koili. Ruti yangu ni Makuyuni hadi Karatu kwenye lami, kisha vumbi na mawe ya Mang'ola.

Spidi ikiwa 70 mpaka 80, tairi la mbele likigonga kiraka, usukani unacheza kushoto kulia kwa nguvu mpaka viganja vinauma. Hautulii hadi nishuke 40 hivi. Lami ikiwa laini natembea 90 bila tatizo, ndiyo maana balansi siishuku sana. Hiyo ingetikisa bila kusubiri shimo. Na hata hivyo imeshafanywa, tairodi endi (viungo vya fimbo za usukani) nazo ni mpya.

Fundi anasema nifunge shokapu mpya ya usukani yaishe. Mimi naona itaficha ugonjwa tu. Nililala chini, injini inawaka, kijana akichezesha usukani: ile fimbo inayozuia difu isiende pembeni inacheza kwenye bushi yake upande wa chesisi, na mpira umechanika. Halafu nikiinua tairi kwa jeki na kulishika juu na chini, linacheza kidogo hata breki ikikanyagwa. Hapo nahisi beringi za kingipini (pale tairi linapogeukia kushoto na kulia), siyo za hapu (kitovu ambacho tairi linazungukia).

Mliokutana na hili, nianze na bushi nijaribu kwanza, au nifungue kingipini kabisa na kupanga shimu (vibati vyembamba vya kukaza beringi) upya? Na kwa njia za mawe, bushi za mpira au zile ngumu za plastiki?