Naombeni ushauri: supu ya maharage ya ukweni (Mexico) haitoki kama yao na ugeni unakuja

BintiChumbageni:
Habari za muda huu wakuu, wakubwa shkamooni. Mimi mtoto wa Tanga ila naishi Toluca, Mexico, nimeolewa huku. Jumapili ya wiki ijayo ukweni wanakuja kwangu, besdei ya mama mkwe, na kaagiza kitu kimoja tu, sopa tarasca, supu ya maharage ya kwao Michoacán upande wa ziwa Pátzcuaro. Maharage unayachemsha, unayasaga na nyanya za kuchoma, kitunguu, swaumu na pilipili kavu moja inaitwa ancho, kubwa nyeusi imekunjamana kama tende na wala haiwashi sana, halafu ule mchanganyiko unaukaanga ndo unatia supu, juu vinakuja vipande vya tortila, zile chapati zao nyembamba za mahindi, vya kukaanga, jibini, malai na parachichi. Ukiangalia ni kitu rahisi. Yangu inatoka imepooza, maharage mengine magumu hata nikichemsha kutwa nzima, na ule uzito wa kwao hamna. Maelekezo ya mama mkwe nimeyafuata. Nakosea wapi? Usingizi sina jamani.

Babu Kijiko:
Magadi binti. Kijiko kidogo tu, maharage yanalainika mpaka yanaomba msamaha. Sisi Kilimanjaro tumekulia hayo, mama alikuwa anaweka sufuria jioni na figa tatu, asubuhi tunaenda shule tumeshiba, hakukuwa na habari za uji wa boksi. Vijana wa siku hizi mnapika maharage kwa haraka kama mnafukuzwa.

mama_Zulfa:
Mtu wa Tanga unahangaika na maharage bila nazi? Tia tui zito mwishoni, hao wakwe watahamia hapo.

Wa_Githunguri:
Uliloweka? Hujasema kama uliloweka. Huku kwetu githeri, hayo makande yenu, unaloweka usiku, unamwaga hayo maji, unaanza na mengine. Bibi yangu alikatazwa maharage na daktari kwa ajili ya gesi tumboni na bado alikula githeri hadi akafika miaka tisini, kisa ni kumwaga maji ya kwanza. Jaribu.

Mpishi Mstaafu:
Tuende taratibu. Toluca iko juu sana, kama mita 2,660 hivi kutoka usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo maji yanachemka kwenye nyuzi 91 tu, sio 100 kama Tanga. Maana yake sufuria inatokota mbele ya macho yako lakini moto unaoingia kwenye punje ni mdogo, unaweza kukaa hapo tangu alfajiri. Tafuta presha kuka, huko kila nyumba inayo. Pili, nyanya usitie kabla maharage hayajaiva, ule ukali wake unayakaza. Tatu, maharage ya supamaketi yaliyokaa miaka kwenye mfuko hayalainiki hata uyaombee, nenda sokoni kwa muuza nafaka umwambie unataka ya mavuno mapya, aina ya bayo au flor de mayo.
Ila hiyo ni habari ya ugumu. Habari ya ladha ni nyingine. Unakaangia mafuta gani? Hujataja.

BintiChumbageni:
Asanteni sana wote. Mama Zulfa nazi hapana, hiyo itakuwa mchuzi wetu sio supu yao. Naloweka ndiyo. Babu magadi sijayaona huku. Mpishi Mstaafu ubarikiwe, nyanya nilikuwa natia mwishoni kama alivyosema mama mkwe ila presha kuka sina, nitaazima kwa jirani. Hivi na ile majani ya epazote inatiwa mwanzo au mwisho? Mume anasema mwanzo, jirani mwisho.

Mjomba_wa_DF:
Dada mimi niko Ciudad de México. Babu Kijiko hajakosea sana, huku pia wana magadi yao, yanaitwa tequesquite, chumvi ya ardhini inayotoka kwenye maziwa yaliyokauka, wazee wanatia kwenye maharage na mahindi. Sokoni uliza wauza viungo. Epazote tia tawi moja robo saa ya mwisho, ukitia mapema harufu yote inaondoka na mvuke. Na anaitia kila mtu huku kwa sababu wanaamini inapunguza gesi.

Mpishi Mstaafu:
Mafuta, binti. Nimeuliza mafuta.

Kichwa Ngumu:
😂😂 mzee kashikilia mafuta

BintiChumbageni:
Ya mahindi.

Mpishi Mstaafu:
Na mama mkwe anakaangia nini?

BintiChumbageni:
Haya ngoja niseme, maana naona tutazunguka hapa mpaka wageni wafike. Mama mkwe anatumia manteca. Mafuta ya nguruwe. Na sio ya dukani yale meupe, ananunua Quiroga, mji wa jirani na kwao wanaosifika kwa nyama ya nguruwe ya kukaanga kwenye masufuria makubwa ya shaba, yale mafuta yanayobaki ndo anachukua. Kanitumia mtungi mzima wa kioo kwa ajili ya hiyo supu. Yana rangi ya kahawa ya maziwa na chini kuna vichenga vyeusi vimetulia vya nyama. Uko kwenye friji yangu nimeufunga mifuko miwili.
Mimi ni Muislamu. Mume wangu alisilimu kabla hatujafunga ndoa, kwa hiari yake, wala sikumlazimisha. Mama yake hajui. Anajua mimi ni Muislamu, anadhani mwanawe bado anakula kila kitu na mimi nakula kimya kimya nikiwa kwao, maana nikienda huwa nasema nimeshiba.
Sasa nilichopanga ni kupika na mafuta ya mahindi, na mtungi nipunguze nusu nimwage, aone umetumika. Sio uongo, mimi sitasema kitu chochote, yeye ataangalia mwenyewe. Siku yake ya kuzaliwa sitaki kumharibia. Naomba tu mnisaidie ladha ifanane. Mengine nimeshaamua.

Babu Kijiko:
Kumbe.

Sheikh_Ubungo:
Dada yangu, kumwaga mafuta ili mtu aamini kitu ambacho sio, hiyo ni kudanganya hata kama mdomo umefunga. Na mumeo anaficha dini yake kwa mama yake mzazi mpaka lini? Siku akifa atazikwa vipi? Fikirini mbali. Supu ni jambo dogo.

nyota_ya_Pemba:
Sheikh mpunguzie, kaomba ladha. Dada mimi nilikaa kwa mawifi Muscat miezi, nilikuwa naficha kwamba sipendi samaki mkavu, nikampa paka. Paka akanona. Wakagundua. Mambo ya jikoni hayafichiki mama, nakuambia.

Kichwa Ngumu:
Mi naona umwambie tu umekuwa mjamzito, harufu ya kitimoto inakuchefua. Mtungi unarudi, kila mtu ana furaha.

BintiChumbageni:
Kichwa Ngumu ujauzito siutanii, acha. Sheikh nimekusikia. Ila mama yake ni mjane, mtoto ndo huyu mmoja, ana picha ya Bikira wa Guadalupe kila chumba hadi bafuni. Nyie hamjui. Mume anasema atamwambia baada ya sherehe.

Sultani_wa_Ilala:
Samahani naingilia. Hii ni chai na haina tangawizi. Mwaka juzi huyu huyu aliweka tangazo la viatu vya mtumba yuko Morogoro Msamvu, leo yuko Mexico ana mtungi wa mafuta wa kisinema. Mume kasilimu, mama mjane, besdei, Bikira mpaka bafuni. Mods mko wapi? Watu wanakaa wanatunga wapate likes.

Wa_Githunguri:
Hata mimi nilikuwa nimeanza kushuku. Maharage hayaivi kutwa nzima? Tulishapika githeri Limuru, kule ni juu na inaiva.

Mpishi Mstaafu:
Limuru haifiki Toluca kwa urefu. Na kutunga mtu anaweza kutunga mama mkwe, ila sijaona anayetunga punje inayogoma kulainika kutwa nzima, nilimuuliza mambo ya jiko na kajibu kama mtu aliyesimama jikoni.

Mjomba_wa_DF:
Nimuulize mimi. Dada, mtaani kwako gari la vyuma chakavu likipita linasemaje?

BintiChumbageni:
Viatu niliuza kweli, Msamvu, kabla sijaolewa, kwani mtu aliyeuza viatu haruhusiwi kusafiri? Gari ni ile sauti ya mtoto wa kike imerekodiwa, kama anaimba, wananunua magodoro, friji, majiko, mashine za kufulia, au chuma chochote cha zamani unachouza. Inapita wakati mwanangu amelala. Jioni anakuja wa viazi vitamu na jiko lake la kuni linapiga filimbi ya mvuke unasikia mtaa wa tatu. Asubuhi mbingu ikiwa safi naona mlima Nevado de Toluca na theluji juu. Ukitaka kuamini amini, mimi nina watu wa kuwapikia.

Mjomba_wa_DF:
Yupo. Ile sauti huku hata ukihama mji inakufuata.

Sultani_wa_Ilala:
Youtube ipo mkuu. Ila haya, tuseme ni kweli, narudi kukaa.

nyota_ya_Pemba:
Asante kwa kurudi kukaa. Tuendelee.

Mpishi Mstaafu:
Kwanza binti nikupe kitu cha kumwambia mama mkwe, kama mumeo atafungua mdomo. Nguruwe sio wa asili ya huko. Waliletwa na Wahispania, kamanda wao Cortés kafika Mexico 1519. Wapurépecha, wenyeji wa ziwa Pátzcuaro, ambao supu inabeba jina walilopewa na Wahispania, walikula maharage karne na karne na mafuta ya nguruwe hawajawahi kuyaona. Kwa hiyo ukipika bila manteca humharibii mtu asili yake. Na haya maharage yetu ya Kilimanjaro na githeri yenyewe mbegu yake ilitoka huko Amerika, ikaja Afrika na Wareno.
Sasa ladha. Ule uzito unaoutafuta hautoki kwenye mafuta peke yake, unatoka kwenye kuunguza kwa akili. Nyanya, nusu kitunguu na swaumu na maganda yake weka kwenye kikaango kikavu bila tone la mafuta, geuza mpaka ngozi ya nyanya iwe nyeusi na maji yaanze kutoka. Pilipili ancho toa mbegu, ibandike kwenye kikaango hicho hicho sekunde chache kila upande, ikitoa harufu ya zabibu itoe, ukichelewa inakuwa chungu na sufuria nzima imeharibika. Loweka kwenye maji ya moto mpaka ilainike. Saga vyote na maharage na maji yake uliyochemshia, hayo maji usiyamwage, Wa_Githunguri anisamehe, ya kuloweka mwaga, ya kuchemshia ndo supu yenyewe. Halafu kikaangoni weka samli na mafuta ya mahindi nusu kwa nusu, yapate moto sana, mimina mchanganyiko, utaruka utakuchoma mikono, vaa shati la mikono mirefu. Koroga bila kuacha mpaka rangi igeuke kutoka nyekundu ya tofali ikawa kahawia na uone mafuta yanajitenga pembeni. Wengi wanatoa mapema hapa. Wewe usitoe. Ndo utie supu.

mama_Zulfa:
Samli! Nilitaka kusema samli.

Mjomba_wa_DF:
Jibini chukua cotija, inatoka huko huko Michoacán, ina chumvi kali, kwa hiyo supu yenyewe punguza chumvi. Na kama mama mkwe atakuja na chungu chake cha udongo chenye kung'aa, chunguza, vyungu vingi vya zamani huku vinapakwa rangi ya kung'arisha yenye madini ya risasi, ukitia nyanya inaingia kwenye chakula. Una mtoto ndani ya nyumba. Pika kwenye sufuria yako.

Sheikh_Ubungo:
Mpishi umesema vizuri. Dada, mtungi usiumwage. Urudishe kama ulivyo, na mume aseme, hata kwa simu.

BintiChumbageni:
Wakuu nimerudi. Presha kuka ya jirani imefanya kazi, punje zimeiva mpaka katikati. Nikafanya yote, samli nilitengeneza mwenyewe kwa siagi. Nilipofika pale mafuta yanajitenga jikoni kulinuka kama kwa mama mkwe kabisa, mume akatoka chumbani akaja kusimama mlangoni akaniuliza nimetumia mtungi? Nikamwambia uko kwenye friji na mifuko yake. Akala bakuli mbili, halafu akachukua simu akaenda uani.
Kazungumza na mama yake muda mrefu. Sikusikia yote, ila nilisikia akikaa kimya sana. Mama kalia, hilo nisiwafiche. Kamuuliza kama aliacha kanisa kwa sababu yangu, kamwambia hapana mama. Mwisho kasema mtungi nimrudishie atatengenezea majirani tamale, vile vitafunwa vyao vya unga wa mahindi, na akauliza, "Na kuku je, mnakula?" maana anataka kuleta kuku wa kwake wa uani kwa ajili ya supu ya kutilia maharage. Mume kajibu tunakula. Sasa kuku atachinjwa na nani? Yeye anawakata shingo mwenyewe tangu msichana na hawezi kukubali aambiwe hajui. Nimwambieje tena kwa siku moja?

Sheikh_Ubungo:
Mwambieni amlete kuku akiwa hai, mumeo ndo amchinje mbele ya mama yake. Mfundisheni mume vizuri, kisu kikali, asimtese.

Sultani_wa_Ilala:
Kuku hai kwenye basi kutoka Michoacán. Haya nimeamini, hii hakuna mtu anaweza kutunga.

nyota_ya_Pemba:
Kaambiwa yote, kalia, na bado anataka kuleta kuku, huyo mama anakuja dada, hilo ndo la kushukuru.

Mpishi Mstaafu:
Kuku akichelewa maji ya maharage yanatosha, usipaniki. Loweka Jumamosi usiku, kilo moja na nusu kama ni watu kumi na kitu, na tortila za kukaanga ziandae mwisho kabisa zisilegee. Jumatatu tuletee majibu hapa.