Ndege niliyoshuka nayo Mtwara ndiyo iliyoniacha Mtwara, na pointi wamezifuta!

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Nimejipa wiki nne hasira zipoe, hazijapoa, kwa hiyo leo naandika.

Jina la shirika sitalitaja. Msikisie hapa chini, uzi utafungwa bure.

Mimi ni mtoto wa Mikindani. Ofisi yangu iko Dar, korosho zangu ziko Mtwara. Msimu ukifunguliwa Oktoba nakuwa mtu wa kwenda na kurudi: mnada huku, benki kule, ghala huku, wanunuzi kule. Sasa shirika hili lina kadi ya wasafiri wa mara kwa mara. Ukifikisha safari 30 ndani ya mwaka, kuanzia Januari hadi Desemba, unapandishwa daraja, unapewa kadi ya dhahabu. Kupaa na kutua ni safari moja. Kwenda Mtwara na kurudi ni mbili. Ndivyo kanuni zao zilivyoandikwa, na kwa Kiswahili kabisa, mimi sikutafsiriwa na mtu. Mwisho wa Novemba 2024 nilikuwa na 26.

Najua kuna watu watakuja na "dhahabu ya nini ndugu, si ulimbukeni huo". Subirini.

Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kusini ilikatika pale Somanga. Mnakumbuka foleni ile, mabasi na malori yamelala barabarani, watu wanapika pembeni mwa lami. Wiki hiyo hiyo mjomba wangu akafariki Mikindani. Basi haliendi, ndege zimejaa. Nikaenda uwanjani nikaandikwa kwenye orodha ya kusubiri, wa tatu. Kila ikitokea nafasi, anaitwa mwenye kadi ya dhahabu aliyekuja nyuma yangu. Si kwa hila, ndiyo haki yao, kanuni inasema wao kwanza. Nilikaa pale siku mbili. Mjomba amezikwa mimi nimekaa kwenye kiti cha chuma uwanja wa Julius Nyerere na begi miguuni. Siku ile nilijiapiza kwamba kadi hiyo nitaipata mwaka huu huu, iwe isiwe.

Kwa hiyo nikabakiwa na safari nne, na sina shughuli Mtwara hadi Januari.

Jamaa yangu mmoja aliyeko Ulaya ndiye aliyenifungua macho. Akaniambia huko watu wamekuwa wakifanya hivi miaka mingi. Tangu American Airlines walipoanzisha programu yao ya wasafiri, AAdvantage, mwaka 1981 na wenzao wakafuata, kuna watu wanakwenda mahali wasiko na kazi nako, wanagusa ardhi, wanageuka, ilimradi hesabu itimie kabla mwaka haujafungwa. Mfano ni Flying Blue ya Air France na KLM: wao wanahesabu alama wanazoziita XP, 100 unapata kadi ya fedha, 180 ya dhahabu, 300 ya platinamu. Mtu akibakiwa na alama tano mwaka wake ukikaribia kwisha hawezi kulala. Anatafuta tiketi ya bei ya chini kabisa, hata ya kwenda kunywa kahawa na kurudi.

Na mabingwa wao hawabadilishi ndege. Wanarudi na ile ile. Hesabu yake ni nzuri mno: ukiwa na ndege nyingine mbele yako, ya kwanza ikichelewa umeachwa. Lakini kama inayokurudisha ndiyo iliyokuleta, itakuachaje? Ikichelewa, mmechelewa wote. Unakuwa na begi la mgongoni tu, umeshajisajili safari zote mbili mtandaoni, pasi mbili ziko kwenye simu. Unashuka, unazunguka, unapanda. Kubaki ndani huruhusiwi, lazima utoke ukakaguliwe upya kama abiria mwingine yeyote, na wao wanasafisha na kujaza mafuta. Basi.

Nikanunua. Jumamosi ya tarehe 7 Desemba na Jumamosi ya tarehe 14, Dar–Mtwara–Dar, laki tatu na arobaini kwa kila Jumamosi. Jumla laki sita na themanini za jasho langu. Sikuiba, sikukopa, sikutumia tiketi ya ofa.

Tarehe 7 ikaenda kama maji. Tumetoka Dar saa 9 alasiri, saa 10 na dakika tano tuko chini. Pangaboi bado zinazunguka taratibu, mlango ukafunguliwa, joto la Mtwara likanipiga usoni, nikashuka ngazi na wenzangu. Wao wanakwenda kusubiri mabegi, mimi natoka nje, nazunguka jengo, naingia mlango wa wanaoondoka. Mlinzi akaniangalia juu mpaka chini.

"Wewe si umeshuka sasa hivi?"

"Ndiyo, kaka."

"Umesahau kitu?"

"Hapana, narudi Dar."

Akanyamaza kidogo. "Kuna msiba?"

Nikaona kumweleza kadi ya dhahabu ni kujitafutia kesi, nikasema ni kazi. Mkanda umevuliwa, begi limepita kwenye mashine, pasi imekaguliwa, saa 10 na dakika arobaini niko angani kwenye kiti kile kile 9D, kingali na joto langu. Mhudumu akanicheka, akaniletea maji bila kuulizwa. Hadi hapo sina lawama na mtu.

Lawama nilizipata kwa mama. Mtwara ni mji mdogo jamani. Mmoja wa vijana wa mizigo pale uwanjani ni mtoto wa jirani yetu. Sijafika hata Ubungo simu inaita. "Hivi kweli baba, unatua Mtwara unaondoka, hata kuja kunijulia hali? Nimekukosea nini?" Jaribuni nyie kumweleza mama wa miaka sabini na moja kwamba ulikuja kuchukua pointi. Nilieleza dakika ishirini. Mwisho akaniuliza, "Hizo pointi zinaliwa?"

Sasa tarehe 14.

Ndege imechelewa Dar dakika hamsini. Hawakusema sababu. Mimi sina wasiwasi, si ndiyo raha ya ndege ile ile? Tukapaa saa 10 kasoro dakika kumi. Na hapa wakuu nisomeni taratibu, maana ndipo ulipo wendawazimu wenyewe. Kaunta ya Mtwara inafungwa dakika arobaini kabla ya muda wa kuondoka ulioandikwa kwenye tiketi, yaani saa 10 kamili. Saa 10 kamili mimi niko juu, hatujafika hata Rufiji, ndani ya ndege yao, wamenihesabu, jina langu liko kwenye orodha yao ya waliopanda. Saa hiyo hiyo mfumo wao wa Mtwara ukaniandika kuwa abiria hajafika, ukanitoa, kiti changu wakampa mtu wa orodha ya kusubiri. Ilikuwa wiki ya likizo, ndege imejaa pomoni.

Nimefika kaunta natweta.

"Kaka, kaunta imefungwa."

"Dada yangu, mimi nimetoka kwenye ndege ile pale. Ile. Tazama."

"Naiona kaka, lakini mfumo umeshafunga."

"Nina pasi hii hapa, nimejisajili tangu jana usiku. Sina mzigo."

"Mfumo unaonyesha hukufika."

"Ningefikaje nikiwa ndani yake?"

Akatazama kompyuta, akanitazama mimi, nadhani moyoni alinielewa. Akasema, "Pole kaka." Sina ugomvi naye, yeye kaajiriwa. Na ninajua kwa nini kaunta hufungwa mapema: rubani anataka idadi kamili ya watu na uzito wa mizigo kabla hajaondoka, ndege isielemee upande. Sawa kabisa. Lakini mimi uzito wangu si mgeni kwake, amenibeba sasa hivi kwa saa nzima! Na mtu aliyewekwa mahali pangu, na masanduku yake mawili, uzito wake uliwezekanaje kuingizwa saa ile?

Nikasimama kwenye uzio nikaiangalia inageuka, inakimbia, inapaa kuelekea baharini. Kwenye mfuko wa kiti 9D nilikuwa nimeacha chaja yangu ya simu. Niliiacha makusudi, maana narudi pale pale, ya nini kuhangaika nayo.

Nililala kwa mama. Alifurahi kupita kiasi, akakaanga samaki, akamwita shangazi aje anione, akamwambia safari hii nimekuja "bila pointi". Nimerudi Dar kwa basi Jumapili, zaidi ya kilomita 550, kwa nauli yangu.

Mngedhani yameishia hapo. Siku kumi baadaye nafungua akaunti, nakuta safari 26. Si 29. Nilitegemea 29, maana tatu nimeruka kweli, pasi ninazo. Nikaandika barua pepe. Majibu yamekuja kwamba safari hizo "hazina lengo halisi la usafiri", ni "matumizi mabaya ya programu", zimeondolewa zote tatu, na akaunti yangu iko chini ya uchunguzi. Ile tiketi ya kurudi niliyoachwa nayo haina fidia kwa sababu "abiria hakujitokeza".

Lengo halisi la usafiri! Tangu lini mwenye gari anamuuliza abiria unakwenda kufanya nini? Yule anayekwenda Mtwara kugombana na mkwewe, lengo lake ni halisi kuliko langu? Kondakta wa daladala ukimlipa nauli kamili ukapanda Mtwara mjini ukashuka Mikindani ukageuka naye, atakuona una kichaa, lakini hela yako haitupi na hasemi hukupanda. Kanuni mmeitunga nyinyi. Mmesema safari 30, hamkusema safari 30 zenye maana. Mngesema, nisingetoa laki sita na themanini.

Kama hawataki watu kama mimi, njia ya kiungwana ipo na wakubwa wameshaifuata: badilisha kipimo mapema na utangaze. Delta wa Marekani tangu Januari 2024 wanapima daraja kwa dola mtu alizotumia tu, si umbali wala idadi ya safari. British Airways nao walitangaza mwishoni mwa Desemba 2024 kwamba kuanzia tarehe 1 Aprili 2025 pointi zao za daraja zingefuata hela. Watu wamelia sana, lakini wameambiwa kabla. Hawa wangu wamengoja nimemaliza kulipa na kuruka ndipo wakagundua nia yangu.

Na kwa wale watakaoniambia nende mahakamani: nimesoma kidogo. Kuna rabi mmoja wa Minnesota, Ginsberg, alikuwa na daraja la juu kwenye programu ya shirika la ndege la Northwest. Mwaka 2008 wakamfukuza kwenye programu, wakisema analalamika mno. Kweli, kulalamika! Akashtaki, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2014 majaji wote wakawa upande wa shirika kwenye hoja iliyofika kwao. Kwenye masharti ya Northwest kulikuwa na kifungu kwamba shirika linaweza kumtoa mwanachama kwa uamuzi wake lenyewe. Nikafungua masharti ya hawa wetu, nikashuka hadi chini kabisa kwenye maandishi ya sisimizi. Kifungu kipo. Neno kwa neno sitasema, ila kipo. Kwa hiyo hata uzi huu naandika huku najua unaweza kuwa ndio sababu ya pili.

Barua yangu nimeipeleka kwao tena, na nakala Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Ninachodai si fidia ya machozi. Safari zangu tatu zirudi, nauli ya kipande nilichonyang'anywa irudi, na waziunganishe hizo kompyuta zao mbili zijue kwamba mtu aliye angani na wao hawezi kuwa kaunta.

Nasubiri pia za "ungetumia hiyo hela kumpelekea mama". Nimeshaambiwa, na aliyeniambia ni mama. Na wa mazingira, kwamba nimechoma mafuta bure: ndege ile ingekwenda Mtwara na kurudi hata ningelala kitandani kwangu, ila sibishani sana, mna hoja kidogo.

Swali langu kwa wazoefu: kuna aliyewahi kufutiwa safari akarudishiwa? Alipitia kwa nani? Msilete mambo ya "mjomba wangu anamjua mkurugenzi", leteni utaratibu.

NYONGEZA: Wanaoniuliza kuhusu chaja, nilipiga ofisi ya vitu vilivyopotea. Wameniambia haiwezi kuwa yangu, maana kwa rekodi zao kwenye ndege hiyo mimi sikupanda. Kama kuna aliyekaa 9D jioni ya tarehe 14 akakuta chaja nyeupe, waya wake umefungwa selotepu karibu na kichwa, naomba anitafute inboksi.