Tumelipa 180,000 "kupitia" miembe ya Bungi, tumeambulia kuiona dirishani

Wakuu, nimesubiri siku mbili ndipo niandike, maana juzi ningeandika matusi.

Mama yangu ni mtu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, ila kaolewa Dar na alikuwa hajavuka maji miaka 22. Safari hii nikasema nimtembeze Unguja kiheshima, kwa Noah ya kukodi peke yetu, asibanwe na mtu. Nikapata kampuni moja ya utalii mjini (jina sitaji, wenyewe wanajijua). Tangazo lao linasema: "Tutapitia Maruhubi, Mtoni, barabara ya miembe ya Bungi na gofu la Bi Khole." Nikalipa 180,000 taslimu, tena siku moja kabla.

Maruhubi, jumba alilojenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1882 likaungua 1899, tulipewa dakika kumi. Mama hakuwahi hata kuzifikia zile nguzo, dereva keshapiga honi. Mtoni, alikozaliwa Bi Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, mwaka 1844, tulionyeshwa kwa kidole. Sawa, nikameza.

Kisha tukapelekwa duka la viungo. Dakika arobaini! Kijana anamnusisha mama mdalasini na kumwuliza, "Mama, guess hii ni nini?" Mtu wa Makunduchi huyo. Kamisheni ya dereva hiyo, wala msinidanganye.

Sasa Bungi. Wasiopajua: ukishaiacha Tunguu kuelekea kusini, barabara inaingia katikati ya miembe mikongwe, imejipanga pande zote mbili, mashina yana mafundo, matawi yamekutana juu. Wengi husema imepandwa kwa ajili ya Bi Khole, binti wa Sayyid Said, wengine wanasema ilikuwepo kabla yake. Nyumba yake, gofu sasa, iko ndani upande wa bahari, na njia ya kuingilia iko hapohapo katikati ya miembe. Mama anasema utotoni walikuwa wakilala kwenye gari la mbao, ubaridi wa kivuli ndio unawaamsha, watoto wote wanapiga kelele "Bungi! Bungi!"

Tangu Tunguu kakaa mkao, mtandio kautengeneza, kioo kakishusha. Jamaa akaingia pale kwa mwendo wa 80.

"Baba, hebu simama kidogo," mama akamwambia kwa upole tu.

"Bi mkubwa, pale magofu tu na nyasi, hamna kitu. Msituni Jozani kima wanatusubiri."

Kima wanatusubiri! Nani kakwambia tumekuja kwa ajili ya kima? Jozani haimo hata kwenye tangazo! Nilipofoka simama, miembe imekwisha, jua limerudi garini. Akasema kugeuza pale ni hatari.

Nimempigia bosi wake. Jibu lake ndilo lililonifungulisha uzi huu: "Kaka, tangazo limesema kupitia. Si mmepita?"

Jamani, Kiswahili hiki kakisomea wapi? Nikimwambia mwanangu apitie dukani kwa Mangi achukue sukari, atapita mbio mbele ya duka na kunijibu "nimepita"? Kupitia mahali ni kuingia, ukasalimia, ukaona, ndipo ukaendelea. Mzanzibari ndiye wa kufundishwa hili na mimi wa Temeke?

Msiniambie eti miti tu hiyo. Kama ni miti tu, mbona mmeiweka kwenye tangazo, tena kwa picha kubwa kuliko zote? Picha niliyoipata mimi ina nusu ya kioo cha pembeni na ukungu wa kijani.

Nataka nusu ya hela yangu. Nimewapa mpaka Ijumaa, ikipita napeleka malalamiko rasmi kwenye kamisheni ya utalii na risiti ninayo.

Mama hajalalamika hata neno. Jana usiku kaniuliza tu kama daladala za Makunduchi bado zinapita njia ile, na kama konda ukimwomba akushushe Bungi anakubali.